Ramani ya migusano ya protini inapokwenda kombo: dalili na vyanzo vyake

Umepakua faili la protini, umeandika skripti fupi au umetumia PyMOL au ChimeraX, programu za kutazama miundo ya molekuli, na jedwali la asidi amino zinazogusana, yaani zilizokaribiana ndani ya umbali fulani, limetoka. Lakini lina walakini. Ni tupu, au limejaa kupita kiasi, au linasema jambo ambalo makala zote za fani zinalikanusha. Wengi hapo hukimbilia kikomo cha umbali: wanakitoa angstromu 4 (angstromu ni sehemu ya kumi ya nanomita), wanakipeleka 4.5, kisha 5, mpaka matokeo yapendeze. Hiyo ni dawa ya mwisho, si ya kwanza. Umbali kati ya nukta mbili ni hesabu ya sekondari na kompyuta haiikosei. Kinachokosewa huwa ni kile kilichosomwa kabla ya hesabu: minyororo ipi, namba zipi, atomu zipi, kipimo kipi.

Mfano wa mwongozo huu ni hemoglobini ya binadamu. Imechunguzwa mno tangu enzi za Max Perutz, mwanasayansi aliyeufumbua muundo wake, kwa hiyo migusano yake mingi inajulikana na tunaweza kuitumia kama mizani ya kupimia programu zetu. Tena badiliko la asidi amino moja ndani yake ndilo linaloleta selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita, ugonjwa ambao huku kwetu hauhitaji kutambulishwa. Mafaili tutakayoyagusa kutoka PDB, hifadhi ya dunia ya miundo ya protini, ni matatu: 2HHB, hemoglobini isiyo na oksijeni, 1HHO, yenye oksijeni, na 2HBS, ya selimundu.

Migusano kati ya minyororo haipo

Ndani ya mnyororo mmoja mambo ni shwari, ila kati ya mnyororo na mnyororo hupati kitu, au unapata kidogo kuliko ulivyotarajia.

Mara nyingi mnyororo wa pili haumo kabisa kwenye faili. Muundo uliotokana na fuwele huhifadhiwa kama kipande kidogo kabisa kisichojirudia. Sehemu nyingine zote hupatikana kwa kuzungusha na kusogeza nakala za kipande hicho kwa kanuni za ulinganifu wa fuwele. Pengine kipande hicho ni molekuli nzima, pengine nusu yake, pengine molekuli mbili. Ukifungua 2HHB utakuta minyororo yote 4: alfa mbili zenye asidi amino 141 kila moja na beta mbili zenye 146. Ukifungua 1HHO utakuta miwili tu, A na B. Nusu ya pili imeachwa kwa kuwa inafanana na ya kwanza kwa kila hali.

Sasa angalia mtego. Perutz alieleza mwaka 1970 kwamba hemoglobini isiyo na oksijeni hushikiliwa na madaraja ya chumvi, yaani mvuto kati ya asidi amino zenye chaji kinzani, na kwamba oksijeni inapoingia madaraja hayo hukatika. Mojawapo huunganisha Arg141 ya alfa moja na Asp126 ya alfa nyingine (herufi tatu ni jina fupi la asidi amino, namba ni nafasi yake kwenye mnyororo). Mwanafunzi analitafuta kwenye 2HHB, analiona. Analitafuta kwenye 1HHO, halioni. Anaandika kwamba kipimo chake kimethibitisha nadharia. Nadharia ni kweli, lakini kipimo hakikuthibitisha chochote: faili lile lina alfa moja, na mnyororo haugusani na mwenzake asiyekuwepo. Jibu sahihi lililopatikana kwa njia mbovu ni kosa baya kuliko yote katika kazi hii, maana hakuna anayerudi kulitafuta.

Kinga yake ni kupima kitu ambacho ni lazima kiwepo. Hemoglobini yenye oksijeni ina kifungo cha hidrojeni kati ya Asp94 ya alfa na Asn102 ya beta ya upande wa pili, kifungo ambacho hemoglobini isiyo na oksijeni haina. Ukikikosa kwenye 1HHO, usiilaumu kemia. Pakua muundo kamili wa kibiolojia, ambao PDB huutoa kama faili la peke yake, kisha upime upya.

Hapo nako kuna shimo. Katika mafaili ya mtindo wa zamani, nakala ya pili huwekwa kama modeli ya pili na minyororo yake hubaki na majina yaleyale, A na B. Programu inayosoma modeli ya kwanza tu, nazo ni nyingi, itakurudishia ile nusu uliyokuwa ukiikimbia. Inayosoma zote bila kutofautisha majina itamchanganya A wa kwanza na A wa pili, na mgusano wa alfa na alfa utaandikwa kana kwamba ni wa ndani ya mnyororo mmoja. Ni afadhali kuchukua faili la mmCIF, mtindo mpya wa mafaili ya PDB, la muundo kamili, ambamo nakala hupewa jina lake lenyewe, mfano A-2, au kuujenga muundo ndani ya ChimeraX kwa amri ya sym. Halafu hesabu kabla ya kupima lolote: minyororo 4, asidi amino 574. Isipotimia, usiendelee.

Namba hazilingani na za makala

Umesoma kwamba selimundu hutokana na Glu6 ya beta kugeuka Val. Unaingia UniProt, hifadhi ya mifuatano ya protini, kwenye ukurasa wa P68871 wa beta, unakuta badiliko lilelile limewekwa namba 7. Ripoti ya vinasaba nayo inasema p.Glu7Val. Hakuna aliyekosea. Kila protini huanza kutengenezwa kwa methionini, na katika globini, yaani minyororo ya hemoglobini, methionini hiyo huondolewa baadaye. Wanaohesabu kutoka kwenye jeni huihesabu. Wanakemia wa protini, tangu Vernon Ingram alipolibaini badiliko hilo miaka ya 1950, hawaihesabu, na mafaili ya PDB ya hemoglobini yamefuata desturi ya wanakemia.

Ukibandika orodha ya mabadiliko ya kijenetiki juu ya jedwali la migusano bila kurekebisha, kila kitu kitasogea hatua moja. Na skripti haitalalamika, kwa sababu beta iliyokomaa ina Glu mbili zilizofuatana: namba 6 na namba 7. Yule anayejihakikishia kwa kuuliza "je, namba 7 ni Glu?" atajibiwa ndiyo, aendelee kwa furaha kuchunguza asidi amino isiyohusika. Linganisha mfuatano mzima, au angalau kipande kirefu: Val-His-Leu-Thr-Pro-Glu-Glu-Lys ndio mwanzo wa beta ya kawaida, na Val ya kwanza ndiyo namba 1.

Mafaili ya mmCIF yana tatizo lake: kila asidi amino hubeba namba mbili na kila mnyororo majina mawili. Zile zinazoanza na auth ni za watafiti walioweka muundo. Zinazoanza na label zimepangwa na hifadhi yenyewe kuanzia 1 bila kuruka. Biopython, maktaba ya Python ya biolojia, hutumia za auth usipoiambia vinginevyo. Programu nyingine huchukua za label. Ukiunganisha majedwali ya programu mbili, tazama kwanza kila moja imetumia zipi.

Kosa la tatu la namba hufanywa na sisi waandishi wa skripti. Tunaziweka asidi amino kwenye safu, kisha tunatumia nafasi ya safu kana kwamba ndiyo namba ya asidi amino. Sehemu za protini ambazo hazikuonekana kwenye fuwele hazimo kwenye faili, kwa hiyo baada ya pengo la kwanza namba zote huteleza. Kwenye ramani ya migusano dalili yake ni kwamba picha inafanana na ya mwenzako mpaka mahali fulani, halafu inahama. Orodha ya zisizoonekana iko REMARK 465, kwenye maelezo ya mwanzo ya faili la PDB, isome. Wanaoshughulika na kingamwili wana mzigo zaidi, maana namba za Kabat, desturi yao ya kuhesabu, hubeba herufi: 82, 82A, 82B, 82C. Skripti inayotunza namba bila herufi huzifanya asidi amino nne kuwa moja, ambayo hugusana na kila mtu.

Kila kitu kinagusana na kila kitu

Tazama kipimo kwanza. Kati ya programu za simulizi na uchambuzi wake, GROMACS na MDTraj hutumia nanomita. MDAnalysis na mafaili ya PDB hutumia angstromu. Ukiipa MDTraj kikomo cha 4.5 ukidhani ni angstromu, umeiambia angstromu 45. Hemoglobini nzima ina takriban angstromu 64 kwa 55 kwa 50, kwa hiyo karibu kila jozi kati ya 164,451 itaingia. Kinyume chake, 0.45 ikienda kwa programu ya angstromu hutoa jedwali tupu. Makosa haya mawili ni rahisi kuyaona, na ndiyo maana hayanitishi.

Kama muundo ulitokana na NMR, upimaji wa protini kwa sumaku bila fuwele, faili huwa na modeli nyingi zilizorundikwa mahali pamoja, mara nyingi 20. Chagua moja, au pima kila moja peke yake kisha uhesabu mgusano umejitokeza katika modeli ngapi. Usizipime kwa pamoja hata siku moja.

Kama ziada ni ya wastani, si ya kupindukia, huenda umehesabu majirani wa mfuatano. Cα (kaboni ya uti wa mgongo wa kila asidi amino) za asidi amino mbili zilizofuatana ziko angstromu 3.8 tu; katika helisi ya alfa, mkunjo wa mnyororo kama springi, ya kwanza na ya tano ziko kama 6.2. Hemoglobini kwa kiasi kikubwa ni helisi, hivyo kwa kikomo cha angstromu 8 sehemu kubwa ya "migusano" yako ni helisi ikijigusa yenyewe. Si uongo, ila haikuambii chochote kuhusu mkunjo. Mashindano ya CASP, ya kutabiri miundo ya protini, yameweka viwango vinavyosaidia: tofauti ya namba kuanzia 24 ni migusano ya mbali, 12 hadi 23 ya kati, 6 hadi 11 ya karibu. Anza na 24 uone kinachobaki.

Hidrojeni nazo huongeza. Muundo wa NMR na wa simulizi ya kompyuta (uigaji wa mwendo wa molekuli) huwa nazo, wa fuwele kwa kawaida hauna. Ukilinganisha miundo hiyo kwa kikomo kimoja bila kuziondoa, ule wenye hidrojeni utaonekana umeshikana zaidi bila sababu.

Programu mbili, majibu mawili

Hapa ndipo pesa na muda wa watu hupotea, kwa sababu si kosa la yeyote. Mgusano hauna maana moja.

Maana ya kwanza hupima Cβ (kaboni ya kwanza ya tawi la pembeni la asidi amino) kwa Cβ, chini ya angstromu 8, na kwa glisini, isiyo na Cβ, hutumia Cα. Ndiyo waliyoizoea watu wa kutabiri miundo. Ya pili huchukua atomu yoyote isiyo hidrojeni ya upande huu na yoyote ya upande ule, chini ya angstromu 4 hadi 5. Ya tatu hupunguza nusu-kipenyo cha kila atomu, kaboni 1.7, naitrojeni 1.55, oksijeni 1.52, salfa 1.8, kisha huangalia nyuso zimekaribiana kiasi gani. Ndivyo amri ya contacts ya ChimeraX inavyofanya. Ya nne huuliza aina: ni kifungo cha hidrojeni, ni daraja la chumvi, au ni mafuta kwa mafuta?

Chukua Arg na Asp zilizoshikana kwa daraja la chumvi zikiwa zimenyooka. Tawi la Arg ni refu. Cβ zao zinaweza kuwa mbali zaidi ya angstromu 8. Programu ya kwanza inasema hazigusani, ya pili inasema zinagusana, na zote ziko sahihi kwa maana zao. Chukua tena Leu mbili zenye Cβ zilizo angstromu 7.5 huku matawi yake yametazama pande tofauti: ya kwanza itasema ndiyo, ya pili hapana.

Kwa hiyo usiulize programu ipi ni bora kabla hujajua unatafuta nini. Unataka umbo la jumla la mkunjo, au kulinganisha na utabiri? Cβ kwa 8 inatosha, na haisumbuliwi sana na matawi yaliyowekwa vibaya. Unataka kujua badiliko moja litavunja nini? Cβ haitakusaidia, nenda kwenye atomu, tena kwa aina. Kwenye ripoti andika maana uliyotumia, kikomo, na kama majirani wa mfuatano wameondolewa. MDTraj, mfano, ukiiomba jozi zote huziacha kimyakimya zile zilizotofautiana kwa namba moja au mbili. Asiyejua hilo atatafuta "hitilafu" mpaka usiku.

Umbali mdogo usiowezekana

Unaona angstromu 0.9 kati ya atomu mbili zisizoungana. Tawi moja limewekwa katika mikao miwili, A na B, kwa kuwa kwenye fuwele baadhi ya molekuli zina mkao huu na baadhi ule. Programu imeisoma yote. Biopython huchagua mkao wenye uwiano mkubwa, yaani ulio katika molekuli nyingi zaidi. MDAnalysis huyaacha yote mpaka uchague mwenyewe. Ukiamua kuyatunza yote, pima A kwa A na B kwa B. A ya hapa na B ya pale huenda hazijawahi kukutana.

Tofauti ni salfa mbili za sisteini zilizo angstromu 2.05. Hizo zimefungana kwa kifungo halisi, ziache.

Daraja linalojulikana halionekani

Katika 2HHB, His146, ya mwisho kabisa kwenye beta, ina kazi mbili. Pete yake hushikana na Asp94 ya mnyororo uleule. Ncha yake, kile kikundi cha kaboksili kinachofunga mnyororo, hushikana na Lys40 ya alfa ya jirani. Skripti nyingi za madaraja ya chumvi zimeandikiwa kanuni moja: oksijeni za matawi ya Asp na Glu, naitrojeni za matawi ya Arg, Lys na His, chini ya angstromu 4. Kwa kanuni hiyo la kwanza litapatikana, la pili halitapatikana kamwe, kwa kuwa His si tindikali na hakuna aliyeiambia skripti kwamba ncha ya mnyororo nayo ina chaji. Ongeza kwa mkono atomu za O na OXT za asidi amino ya mwisho, na N ya ile ya kwanza.

Kabla ya hapo hakikisha atomu zenyewe zipo. REMARK 470 huorodhesha asidi amino zilizokosa baadhi ya atomu; Lys iliyo juu ya uso wa protini mara nyingi imekatwa njiani, na Lys isiyo na ncha haiwezi kuwa na daraja.

Kuna na suala la kugeuzwa. Wingu la elektroni halitofautishi vizuri kaboni, naitrojeni na oksijeni, hivyo mwisho wa Asn na Gln, na pete ya His, huweza kuwekwa kinyumenyume. Asn ikionekana imeelekeza naitrojeni kwa naitrojeni ya jirani, usiandike kwamba umegundua msukumano mpya. Pitisha faili kwenye MolProbity, programu ya kukagua ubora wa miundo, itakuambia zipi zinastahili kugeuzwa.

Mwisho, chujio la HETATM, mistari ya atomu zisizo za asidi amino za kawaida. Watu huliweka ili kuondoa maji, na linaondoka na hemu yote, kiungo kinachobeba oksijeni, pamoja na chuma kinachoshikwa na His87 ya alfa na His92 ya beta. Katika protini nyingine linaondoka na selenomethionini, ambayo ni asidi amino halali ya mnyororo. Chuja kwa jina: ondoa HOH, bakisha mengine.

Katika simulizi, migusano inawakawaka

Mgusano upo, haupo, upo, haupo. Kama inatoweka mingi kwa mpigo, hasa kati ya minyororo, molekuli imevuka ukuta wa sanduku la simulizi na nusu yake imetokea upande wa pili. Iunganishe kwanza, katika GROMACS ni trjconv yenye -pbc. Kama ni mmoja mmoja, umbali unacheza karibu na kikomo tu. Tumia vikomo viwili: mgusano uhesabiwe umeanza ukishuka chini ya 4, uhesabiwe umekatika ukipita 5. Na toa asilimia ya muda, si ndiyo na hapana.

Muundo wa AlphaFold

AlphaFold ni programu inayotabiri miundo. Safu ambayo kwenye fuwele ina kiwango cha mtikisiko, hapa ina alama ya uhakika, kutoka 0 hadi 100. Skripti inayotupa asidi amino zenye thamani kubwa ikidhani zinatikisika itatupa zilizo bora na kubakisha takataka. Migusano inayohusisha sehemu zenye alama chini ya 50 iache. Kati ya sehemu mbili zenye alama nzuri, angalia pia jedwali la PAE, la kosa linalokadiriwa la nafasi kati ya sehemu na sehemu, kwani kila moja inaweza kuwa imejengwa vizuri huku nafasi ya moja kwa nyingine ikiwa ya kubahatisha. Na kwa globini, kumbuka hifadhi ya AlphaFold haiweki hemu: mahali pake ni tundu tupu.

Val6 ya selimundu haigusani na kitu

Unafungua 2HBS na kupima Val6 ndani ya tetrameri yake, yaani molekuli yake ya minyororo minne. Hupati jambo la maana, na ni sawa: badiliko hili haliivunji hemoglobini kwa ndani. Val6 iko juu ya uso, na madhara yake ni kuingia kwenye kishimo cha beta ya molekuli jirani, kati ya Phe85 na Leu88. Ndivyo molekuli zinavyojipanga kuwa nyuzi na seli kupinda kama mundu.

Kwa kawaida tunaonya kwamba mgusano wa molekuli na molekuli kwenye fuwele ni matokeo ya kugandishwa, wala si wa mwilini. Kwa 2HBS onyo hilo ukilitii kijinga unautupa ugonjwa wenyewe, kwa kuwa jozi za nyuzi ndani ya fuwele hii ndizo zinazojenga uzi wa ndani ya seli.

Faili lina tetrameri mbili, minyororo A hadi H, kwa hiyo Val6 nne: B, D, F na H. Katika kila tetrameri ni Val6 moja tu inayoshiriki mgusano huo wa ubavuni. Usipime ndani ya faili peke yake. Jenga majirani wa fuwele kwa symexp ya PyMOL, ukiwapa umbali wa angstromu 5, maana tetrameri moja hugusa zaidi ya jirani mmoja na wengine wako nje ya faili. Kisha pima atomu kwa atomu kutoka kila Val6 kwenda Phe85 na Leu88 za beta zote zilizojengwa. Ukipata Val6 zote nne zimeingia kishimoni, majina ya nakala yamechanganyika. Rudi kwenye tatizo la kwanza. Usipopata hata moja, angalia kama umetafuta namba 7.